Barafu ya Mke wa Mwalimu

Miaka ile ya ruksa ya biashara, kila mtu pale Ipagala alikuwa mfanyabiashara isipokuwa mume wangu. Yeye alikuwa mwalimu wa kemia, na mshahara wake ulikuja ulipojisikia. Kwa hiyo tulikula kwa friji yangu ya mtumba. Niligandisha juisi ya ubuyu kwenye vifuko vya nailoni, na watoto wa watu wakapanga foleni barazani. Wa kwetu hatukuwa nao. Majirani wote walikuwa Mama Fulani. Mimi, pamoja na miaka yote ile ya ndoa, nilikuwa bado Mke wa Mwalimu.

Jioni moja bwana mkubwa akaiona foleni, akadhani ni darasa. Akawaeleza watoto kwamba huko angani, katikati ya nyota, kuna barafu yenye maji na kemikali nyepesi za kaboni. Mionzi ya anga huipiga miaka nenda miaka rudi, inavunja molekuli zake, na vile vipande vinaungana upya kuwa vitu vingine kabisa, hata malighafi ya uhai. Alifundisha vizuri mno. Kesho yake mtaa mzima ulijua kwamba barafu yangu imepigwa mionzi, na ndani yake mna vitu vinavyotaka kuwa hai. Na friji si imetoka Ulaya? Basi, ushahidi umekamilika.

Foleni ikakatika. Wiki nzima tulishindia ubuyu, huku mtaalamu wangu akinihakikishia kwamba kisayansi watu hawana hoja. Nikamwambia aichemshe hiyo sayansi, tule.

Aliyetuokoa ni jirani wa ukuta kwa ukuta, mama mwenye watoto wa kujaza benchi. Nilikuwa naanika nguo uani, nikamsikia pale bombani akiwapasha wenzake.

"Jamani, acheni ujinga! Ile barafu ingekuwa na uhai, si mwenyewe angeshazaa? Friji analala nayo ndani!"

Walicheka mpaka maji yakamwagika ndooni. Hoja ilikuwa safi, hata mume wangu asingeipinga. Iliniuma. Nilikaa chini pale pale chini ya kamba, shuka bichi mapajani, nikalia.

Alasiri foleni ilirudi. Wa kwanza alikuwa mtoto wa yule jirani. Nilimpa barafu yake, nikamwongezea nyingine.

"Hii mpelekee mama," nikamwambia. "Mwambie Mke wa Mwalimu anashukuru."