Nilivyoshona Mabawa ya Ndege za Kale

Siku ya kwanza kazini, katika karakana ya kukarabati ndege za kale huko Anoka, Marekani, nilikabidhiwa sindano ndefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi kiganja. Nilikuwa fundi cherehani kutoka Kivu, mwenye haya, mwenye elimu ya shule ya msingi tu. Mpaka leo naandika polepole, kwa hiyo nivumilieni.

Ninyi vijana mnajua ndege za bati. Zile za vikosi vya kwanza vya anga vya jeshi zilikuwa mbao na kitambaa cha kitani. Bawa lina mbavu za mbao nyembamba, kama za samaki. Kitambaa huvishwa pande zote, kisha hushonwa kwenye kila ubavu kwa uzi uliopakwa nta. Halafu hupakwa dawa yenye harufu kali, ambayo ikikauka hukikaza kama ngozi ya ngoma. Ndiyo maana hukivuti sana wakati wa kushona. Ukikivuta sana, dawa ikikauka mbavu zitapinda.

Tulishona wawili, bawa likiwa limesimamishwa katikati yetu. Mimi upande huu, na upande wa pili Otieno, seremala Mkenya. Sindano ikitokea kwake, ananirudishia. Hatukuonana, tulisikiana tu.

"Mama Neema, umelala?"

"Nitalalaje na wewe unaongea hivyo?"

Msimamizi wa karakana, Mmarekani mzee aliyekuwa rubani, alikuwa na desturi ambayo alisema imetoka kwa mafundi wa vikosi vile vya zamani: aliyeshona bawa ndiye abiria wa kwanza. Akikataa, kitambaa chote hukatwa, mwingine akashona upya.

Ndege yetu ya kwanza ilituchukua majira yote ya baridi. Ilipokamilika, msimamizi akaiwasha, akanipa kofia ya ngozi. Nikatikisa kichwa.

"Huuamini uzi wako?" akauliza.

"Uzi nauamini."

Otieno akadakia, "Sasa shida ni gani? Wakikata hiyo kitambaa nitalia, haki ya nani."

"Panda wewe."

"Mimi nilichonga mbao na kukurudishia sindano tu, na mbao yangu haina maneno. Ni mkono wako unapimwa, mama!"

Ndipo nikawaambia. Kwetu, ndege ya kijeshi ikisikika, tulikimbilia mashamba ya mihogo tukalala kifudifudi. Kushona bawa lake hakukunisumbua. Lakini injini ilipowaka, niliisikia ile sauti ya kwetu.

Msimamizi akasema, "Desturi hii naisimamia mimi. Leo naweza kuiacha."

Angeiacha kweli. Nikamuuliza, "Utapita juu ya watu?"

"Juu ya wale tu," akasema, akionyesha familia zilizokusanyika kando ya uwanja.

Nikavaa kofia.

Huko juu upepo ulinipiga usoni. Nilitazama mishono yangu kwanza, ilikuwa imetulia. Kisha nikajilazimisha kutazama chini. Watu walikuwa wamesimama, vichwa juu, wakipunga mikono. Otieno alikuwa akirukaruka kama mtoto. Hakuna aliyekimbia.

Baada ya hapo nilishona mabawa mengine, na kila moja nililipanda. Sasa nimestaafu, macho hayalioni tena tundu la sindano. Hapa Columbia Heights, si mbali na Anoka, wajukuu wangu wakisikia ndege ndogo ikipita, huacha chakula mezani wakakimbilia nje kuiangalia. Mimi huwafuata polepole.