Kibao cha Rubeni

Rubeni alianza kuongea kwa pua mwezi wa kwanza, tulipoingia kidato cha nne. Hakuwa na mafua. Alikuwa ameteuliwa kiranja mkuu, na shuleni kwetu mtu akishapewa filimbi, nadhani pua ndiyo inayotangulia kuvimba.

Tunatoka kijiji kimoja, juu ya Soni. Nimemwona akichunga mbuzi wa bibi yake, Bibi Raheli, aliyemlea tangu mama yake aliposhuka Mazinde kuolewa. Nimemwona akikimbizwa na jogoo huku analia. Kwa hiyo siku niliyomsikia akimwuliza mpishi kwa Kiingereza kama maharage yameiva, nilitamani sana kujua: mtu aliyekula maharage miaka kumi na minane anasahauje jina lake?

Shule yetu ni ya mtu binafsi, ya enzi hii ambayo kila kitu ni ruksa. Ruksa kuuza mitumba, ruksa kuleta lori kutoka Dubai, ruksa kufungua sekondari ndani ya ghala la zamani la kahawa. Kisicho ruksa ni Kishambaa. Ukikamatwa ukikiongea unavishwa kibao: kipande cha mbao chenye kamba, kimeandikwa kwa Kiingereza, kwa rangi nyeupe, kwamba wewe ni punda. Unakivaa kifuani mpaka na wewe umkamate mwenzako umvishe. Mkuu wa shule anakipenda sana. Wazazi wakija kuulizia nafasi huwaonyesha, kama mtu anayeonyesha ng'ombe wa maziwa.

Mwezi wa saba zikaja habari. Mgeni rasmi wa mahafali yetu angekuwa Bwana Mbaraka, mwenye malori yanayoshusha kabichi na karoti zetu Dar es Salaam, na alitaka kijana wa kukaa kwenye ofisi yake ya Kariakoo. Angemchagua hapohapo, mbele ya watu.

"Nafasi ile ni yangu," Rubeni alitutangazia. Alisema kwa Kiswahili, maana hilo alitaka tulielewe wote.

Basi akajifanya mlinzi wa Kiingereza ili mkuu wa shule amsifie kwa mgeni. Na mtego wake, mtu mwingine angeona haya hata kuuwaza. Bibi Raheli huuza getini, mapeasi msimu ukiwapo, viazi vya kuchemsha usipokuwapo. Kila mwanafunzi anayepita, bibi humsalimia kwa Kishambaa, "Onga mshi, mwanangu." Na salamu ya kwetu haina jibu la neno moja. Unaulizwa mama, unaulizwa mbuzi, unaulizwa kikohozi cha juzi. Ukimpita mtu mzima kimya, habari inafika nyumbani kabla yako. Rubeni alilijua hilo vizuri. Alikuwa akijibanza nyuma ya miti ya miwati karibu na geti, na ukishafungua mdomo tu kumjibu bibi yake, filimbi inalia.

Bibi hakujua kwamba yeye ndiye chambo.

"Mjukuu wangu ananipenda, Sabra," aliwahi kuniambia. "Kila nikija na kapu, yuko pale kwenye miti ananiangalia."

Mimi nilikuwa nimekwisha kamatwa pale mara tatu.

Wiki ya mahafali alinaswa Twaha, yule mwenzetu kutoka Mnazi anayeongea hata akiwa amelala.

"Umeongea lugha ya porini," Rubeni alimwambia.

"Nimemsalimia bibi yako."

"Kwa Kishambaa."

"Ulitaka nimsalimie kwa lugha gani, ya Malkia? Si angedhani nimepagawa akaniitia mchungaji!"

Tulicheka, lakini kibao akakivaa. Na sheria mpya ilisema mwenye kibao siku ya mahafali haketi na wahitimu, anaketi jikoni. Twaha hakupata wa kumvisha. Sote tulikuwa tumeanza kuruka ua wa nyuma, tukimkimbia bibi kizee na viazi vyake. Ndiyo elimu hiyo.

Siku yenyewe Rubeni alisoma risala kwa Kiingereza. Wazazi walipiga makofi kila alipopumua. Bwana Mbaraka naye alipiga, huku anakagua kiatu chake, na mimi niliyekaa karibu naweza kusema kwa uhakika kwamba hakuelewa hata neno. Rubeni akashuka jukwaani. Mstari wa mbele alikuwepo Bibi Raheli, na kitenge kipya mkononi cha kumvisha mjukuu. Akasimama.

"Onga mshi, Rubeni."

Ukumbi mzima ulisikia. Rubeni akatazama mabati ya paa, akapita. Mkono wa bibi ukabaki hewani na kitenge chake.

Hapo Bwana Mbaraka akainama mbele kwenye kiti.

"Onga mshi, kijana."

Jamani! Rubeni alikunja magoti yote mawili. Kishambaa kikamtoka kama bomba lililopasuka: akauliza nyumbani, akauliza watoto, akauliza malori, akauliza mpaka mvua za Kariakoo. Sikujua kama anakijua vizuri namna ile. Hata pua ilikuwa imezibuka.

Twaha aliyasikia hayo, akatoka jikoni, masizi kwenye shati. Alivua kibao, akamvisha Rubeni shingoni, akakinyoosha kikae sawa, akaja kuketi na sisi. Hakuna mwalimu aliyemzuia. Mkuu wa shule aligundua ghafla kwamba maua ya mezani yanahitaji kupangwa.

Kisha tukasikia vigelegele. Bibi Raheli alikuwa ameona mjukuu wake peke yake, kati ya wahitimu wote, amevishwa kitu kifuani. Akaja mbio akicheza, akamfunga kitenge juu ya kibao, na wanawake wa kijiji chetu wakamfuata nyuma.

"Kimeandikwa nini kile?" Bwana Mbaraka aliuliza.

"Ni nishani, mheshimiwa," mkuu wa shule akajibu.

"Ya nini?"

"Ya lugha."

Bwana Mbaraka akamtazama Rubeni, akamtazama bibi, akacheka kidogo. Yule si mjinga.

"Namchukua huyu," akasema. "Anajua nani wa kujibu na nani wa kupita. Biashara ndiyo hiyo."

Tumebakiza mtihani wa taifa sasa. Siku tutakayomaliza, Rubeni atapanda lori, juu ya kabichi au chini yake sijui. Anapita kati yetu akijizoeza kutotuona.

Jumamosi mama alinituma kwa Bibi Raheli na sukari. Kibao kile kipo ukutani kwake, pembeni ya kalenda ya kanisa, kimezungushiwa maua ya karatasi. Alinikalisha, akaniuliza mama, akaniuliza mbuzi. Halafu akakinyooshea kidole.

"Wewe umesoma, Sabra. Kimeandikwaje?"

Nilisogea karibu nikakisoma.

"Kimeandikwa jina lake, Bibi."

Akasimama, akakipangusa vumbi kwa pindo la khanga.