Mashua ya Babake Nabwire

Mukene, dagaa wa ziwani, ana harufu mbili, na asiyewahi kukaa Busia atadhani nasema upuuzi. Aliyeanikwa juani akakauka vizuri ana harufu ya chumvi na vumbi la moto, harufu ambayo mtu huizoea hata akaipenda. Lakini akinyeshewa kabla hajaingizwa ndani, lo! Utaapa hutamtia mdomoni maisha yako yote, na jioni ikifika utamla kwa ugali huku unalamba vidole. Jirani yetu, Shangazi Taaka, aliuza mukene kwa mkebe upande wa Uganda, na mwaka tuliohamia pale mvua ilimwonea kweli kweli. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yangu, fundi cherehani, alichoka kushona viraka vya watu wa Molo, kule Tororo upande wa Uganda, maana huko kwetu karibu wote ni wakulima na nguo mpya ni mpaka mavuno. Akasema mpakani watu huvaa kila siku. Tukafunga virago, cherehani tukaipakia juu ya magunia ya mihogo, tukateremka Busia. Ziwa sikuwa nimeliona hata kwa ndoto. Maji mengi kuliko yote niliyoyajua yalikuwa ya bwawa la kunyweshea ng'ombe.

Shangazi Taaka hakuwa shangazi yangu hasa. Alikuwa shangazi yake Nabwire, msichana wa rika langu aliyekuwa akiishi naye. Nabwire alikuwa Msamia wa Majanji, kule wilaya inakoishia ziwani. Asubuhi tulivuka mpaka pamoja kwenda shule upande wa Kenya, kama walivyofanya watoto wengi wa pale, na askari wa langoni walituzoea hata wakawa wanatuuliza matokeo ya mtihani. Huko shuleni nilikutana na kitu ambacho Molo hatukuwa nacho: insha ya Kiswahili. Niliipenda kupita kiasi. Mwalimu akitaka ukurasa mmoja, mimi nilimpa minne, naye akawa ananirudishia daftari kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika panya. Basi siku moja muhula wa pili, tukigeuza mukene juani, Nabwire akaniambia habari ya babake. Alikuwa mvuvi. Mwezi wa pili alitoka alfajiri na mashua yake ya tanga, na hakurudi, si yeye si mashua. Ndiyo maana mama yake alirejea kwao, na yeye akaletwa kwa shangazi. Alisema yote hayo bila chozi, kisha akaniambia, "Wee Amoding, unajua kuandika. Niandikie hadithi, baba anarudi." Nikamwuliza anarudi vipi. "Sijui. Andika tu."

Andika tu! Ukiniambia niandike tu, ndipo nashindwa kabisa. Mimi tangu utotoni ni mtu wa kudadisi, na mama yangu alizoea kusema ningezaliwa kuku ningefukua msingi wa nyumba. Nilijifungia na kamusi ya kabati la mwalimu nikaokota kila neno la chombo cha majini: foromali, demani, goshi, hamarawi, nikayamimina yote kwenye sura ya kwanza kama mtu anayetia chumvi bila kuonja. Kisha nikampoteza babake Nabwire kwenye ukungu. Ukungu ukaondoka, akauona kwa mbali Mwamba wa Tororo, lile jiwe kubwa kama mlima. Sasa, kwetu Molo, Mwamba uko kusini. Ukitoka mlangoni asubuhi unauona palepale, na nyumbani mtu akisema "upande wa Mwamba" hakuna anayeuliza ni upande gani. Kwa hiyo nikaandika kwa fahari kwamba baba huyo alipouona Mwamba alijua kule ndiko kusini, akaupa kisogo, akaelekeza mashua kaskazini, nyumbani kwa mwanawe. Nabwire alisoma hadi mwisho, akacheka hata akaketi juu ya mukene wa watu. "Wa Molo wewe! Umempeleka Tanzania!"

Nilikasirika, nikabisha, nikaapa. Akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, mahali ambapo nyumba za jirani zinaachiana nafasi, na kwa kuwa mvua ilikuwa imesafisha hewa, Mwamba ulikuwa pale, kijinundu cha rangi ya majivu, upande wa kaskazini. Nilikuwa nimeutazama kila siku kwa miezi na sikuwahi kuuona. Nilihisi kwamba mtu ameuhamisha usiku bila kutuambia. Siku ile hadithi iliacha kuwa ya kumfurahisha Nabwire tu, ikawa jambo langu. Ikiwa nimekosa kitu kikubwa kiasi kile, ambacho hata mbuzi wanakiona, nimekosa mangapi mengine? Na mtu atarudije nyumbani ndani ya hadithi ambayo aliyeiandika mwenyewe hajui nyumbani ni wapi?

Kuuliza si ujinga, na wa kuulizwa alikuwapo. Kila baada ya wiki mbili alikuja Fundi Wandera, muunda mashua wa Majanji, kununua misumari na pamba ya kuziba nyufa za mbao, na kabla ya kurudi alipumzika kwenye baraza ya Shangazi Taaka akila mukene wa kukaanga. Alikuwa mwanamume mfupi mwenye mikono mikubwa na mdomo usiopumzika. Mashua ya babake Nabwire aliiunda yeye. Nilimsomea sura ya kwanza, naye akasikiliza kwa heshima hadi nilipofika kwenye maneno ya kamusi.

"Ngoja kwanza. Hiyo foromali ni nani?"

Nikamweleza kuwa ni mti unaobeba tanga. Akacheka taratibu. "Ah! Hiyo maneno ni ya watu ya bahari. Sisi iko mti, iko kamba, iko tanga. Ukisema demani kwa Majanji, watu watafikiri unatafuta mtu." Nikayakata yote, roho ikiniuma, maana nilikuwa nimeyapenda. Badala yake akanipa vitu ambavyo kamusi haikuwa navyo. Kwamba tanga la mashua ile lilishonwa kwa magunia ya sukari, na baba yangu aliposikia akaacha cherehani kunionyesha mshono unaostahimili upepo. Kwamba mashua haiwezi kuukabili upepo uso kwa uso. Inauendea mshazari, mara huku, mara kule, na alinichorea njia hiyo ardhini kwa msumari. Na kwamba mvuvi akiwa mbali hatafuti kilima kimoja, anatafuta viwili. Kilima kidogo kikijificha nyuma ya kikubwa, yuko kwenye njia ya nyumbani. Kikichungulia upande mmoja, ameshaiacha. "Kilima moja inakudanganya," alisema. "Mbili haiwezi."

Hilo lilinitia wazimu. Kesho yake nilichagua tangi la maji na mnara wa msikiti, nikatembea barabarani macho juu, nikiutazama mnara ukijificha nyuma ya tangi, ukitokeza kushoto, ukijificha tena, mpaka nikagongana na baiskeli ya bodaboda iliyobeba mama na mikungu miwili ya matoke. Mama yule alinitukana kwa lugha tatu. Mimi nilikuwa nacheka kwa furaha, maana nilikuwa nimeelewa kwamba Mwamba haukuwahi kunidanganya. Mimi ndiye niliyeuuliza peke yake, bila kilima cha pili. Nilimkimbilia Nabwire kumwonyesha. Hakutaka. Kadiri nilivyojua mengi ndivyo alivyozidi kununa, na Fundi akija yeye aliingia ndani. Siku moja akanifokea, "Unauliza-uliza nini? Kwani wewe ni polisi? Nilisema andika tu." Nilidhani ni wivu, kwa kuwa ziwa lilikuwa lake na sasa mimi nilikuwa nalijua.

Kilichobaki kilikuwa upepo. Fundi Wandera alinieleza huku anatafuna. "Usiku upepo inatoka nchi kavu, inaenda ziwa. Mchana inageuka, inatoka ziwa inakuja nyumbani. Kwa hiyo mvuvi anatoka alfajiri, upepo inamsukuma. Mchana anarudi, upepo inamsukuma." Ee, nilipenda mpango huo! Niliona Mungu alikaa chini akauwazia. Na papo hapo hadithi yangu ikajimaliza yenyewe kichwani. Nikaruka, nikamwambia: basi mti wa tanga unavunjika, baba anaugua, analala ndani ya mashua bila nguvu hata ya kushika kasia, na upepo wa mchana unamleta taratibu, bila yeye kufanya lolote, mpaka ufukweni Majanji!

Fundi aliacha kutafuna. Akaangalia mlangoni kama Nabwire yupo, hakuwepo. "Hiyo ndiyo shida, mtoto yangu," akasema kwa sauti ya chini. "Mbao haizami. Mimi nimeunda hiyo mashua. Ikipinduka inaelea. Ikikosa mtu inaelea. Mchana upepo inaileta, kama si kwetu, basi kwa majirani pale Kenya. Tulingoja wiki tatu, tukauliza kila mahali. Haikuja." Akafuta mikono kwenye suruali. "Na hiyo siku alimwambia mwenzake abaki alale. Mvuvi haendi peke yake." Shangazi Taaka akatokea na sinia, akamkata jicho. "Wandera! Kula samaki yako uende."

Sikuelewa palepale. Nilielewa siku mbili baadaye, katikati ya mpaka, kati ya lango la Uganda na lango la Kenya, nikiwa nimebeba mkoba na Nabwire yuko mbele yangu anaruka madimbwi. Mashua isiyo na mtu hurudi. Isiyorudi ina mtu ameshika usukani. Babake Nabwire hakupotea, wala hakufa, aliondoka. Alimwacha mwenzake amelala, akamwacha mkewe, akamwacha huyu aliyekuwa anaruka madimbwi. Nilimchukia mtu ambaye sikuwahi kumwona, na nikajichukia mimi na maswali yangu. Wahenga walisema msema kweli hana wajoli, na mimi rafiki Busia nilikuwa naye mmoja tu.

Niliandika kwa wiki nzima. Kila kitu nilikiweka sawa: mti, kamba, tanga la magunia ya sukari, mshono wa baba yangu, vilima viwili kimoja nyuma ya kingine, hata sauti ya maji chini ya mbao jinsi Fundi alivyoniigizia kwa mdomo. Kitu kimoja nikakikosea kwa makusudi. Katika hadithi yangu, mwaka ule upepo ulikataa kugeuka. Usiku ulitoka nchi kavu, mchana ukatoka nchi kavu, siku arobaini, ukamzuia baba yule kisiwani yeye na mashua yake, akawa kila siku anasimama ufukweni akitazama nyumbani asiweze kuja. Kisha siku moja ukageuka. Nabwire aliketi juu ya gunia akasoma ukurasa kwa ukurasa, midomo ikicheza. Alipofika penye upepo kidole chake kikasimama. "Upepo wa mchana hautoki huku," alisema. Aliinua macho akaniangalia kwa muda mrefu, nami nikashindwa kumtazama, nikajifanya nafukuza kuku. "Lakini iko sawa," akasema. Akalifunga daftari ndani ya karatasi ya nailoni, akaliweka sandukuni mwake. Juma zima baada ya hapo alivuka mpaka peke yake, mbele yangu, bila kugeuka.

Sasa kazi yangu ni kuandika riwaya, nyingi za vyombo na maji, na ninasumbua watu vilevile. Nina mabaharia wa Lamu na waunda mashua wa Majanji ambao wakiona simu yangu wanaguna kabla ya kupokea. Wasomaji nao hawanionei haya: mmoja atanitumia ujumbe kwamba chombo changu kiligeuka upande usiowezekana, mwingine kwamba mwezi wangu ulichomoza vibaya, nami nashukuru na kusahihisha. Mambo mengi yamebadilika. Majanji mashua nyingi zina injini, na upepo wa mchana unamleta asiyekuwa na pesa ya mafuta. Simu inakwambia uliposimama, huhitaji vilima. Mtoto wa Molo wa leo hawezi kudanganyika kama mimi, na kwa kweli namwonea huruma kidogo, maana lile kosa ndilo lililonifundisha kuangalia. Hata kupotea si rahisi siku hizi. Mtu akitaka kuwaacha watu wake inabidi aanze na kuzima simu.

Nabwire bado yuko Busia. Ana duka lake la samaki upande wa Kenya na sauti ya kuagiza watu kama ya shangazi yake. Tulikuwa watu wazima habari zilipokuja kwamba babake yuko kisiwa kimoja huko ziwani, ana mke na watoto wakubwa, na ile mashua aliitumia mpaka ikaoza. Nabwire hakwenda. Mwaka jana nilimpelekea muswada wangu mpya ausome, kwa sababu hakuna anayenikosoa kama yeye, na tukiwa tunakunywa chai nyuma ya duka nikapata ujasiri wa kumwuliza kile nilichokibeba miaka yote. Alijua tangu lini?

"Tangu wiki ya kwanza," akasema. "Mimi mtoto wa Majanji, Amoding. Nani hajui mashua hurudi?"

Nikamwuliza kwa nini basi alinitaka mimi niandike, mimi ambaye hata kusini nilikuwa sikujui. Akageuza kikombe mezani, akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Ndiyo maana. Shangazi alijua, mama alijua, Fundi alijua. Kila aliyenitazama nilimwona anajua. Wewe tu ndiye ulikuwa hujui. Nikikaa na wewe, baba alikuwa bado yuko ziwani, anakuja." Akamimina chai iliyobaki, nusu kwangu, nusu kwake. "Halafu ukaukosea ule upepo makusudi. Mimi nahesabu baba aliondoka siku hiyo."