Mto Nyuma ya Ukuta Wangu

Mtaani kwetu Kikula, bomba likikohoa maji mara mbili kwa juma tunamshukuru Mungu. Kwa hiyo siku niliyosikia mto ukipita nyuma ya ukuta wangu, mchana kweupe, niliacha cherehani na kuweka sikio kwenye plasta. Mto kabisa. Haukuwa mchirizi wa bomba bovu. Ulipita juu ya mawe bila kuchoka. Niliogopa, na mimi Eugénie si mtu wa kuogopa ovyo.

Nyumba yetu ina milango miwili na ukuta mmoja katikati. Upande wa pili anakaa Papa Stanislas, fundi wa pampu aliyestaafu kiwandani, na mkewe Alphonsine, na mjukuu wao Plamedi wa miaka mitano. Mtoto wao wa pekee, Hervé, baba yake Plamedi, alifukiwa na shimo kule Shinkolobwe, mgodi wa urani uliofungwa na watu wanachimba vilevile. Hawakuweza kumtoa. Wenzake walileta mfuko wake tu, na ndani yake mawe kumi na moja aliyoyatenga kwa uzuri wa rangi zake: ya kijani, ya manjano, mengine meusi yenye kung'aa.

Hervé alipokuwa hai nilikuwa nikimwona akirudi na jiwe mfukoni. Mchimbaji wa kwetu haliamini jiwe kavu. Hulilamba kwanza, kisha huliinua juani, ndipo rangi itoke. Alifanya hivyo mlangoni, na Plamedi, wakati ule mtoto wa miaka mitatu, alicheka mpaka akakaa chini.

Tangu msiba, karibu miaka miwili, Alphonsine alikuwa ameacha kusema. Bukari, ugali wetu, alipika, misani alikwenda, akiulizwa aliitika kwa kichwa. Mfuko wa mawe ulikaa chini ya kitanda alicholala na mjukuu wake. Papa Stanislas aliniambia siku moja, macho yake yakitazama viatu vyangu: "Mama Eugénie, mutoto nilishamupoteza. Sasa bibi yangu naye iko naenda, polepole, na iko mu nyumba yangu."

Ndiyo maana alijenga mto. Alphonsine alizaliwa karibu na maporomoko ya Lufira, upande wa Mwadingusha, na zamani alikuwa akisema kwamba hajawahi kulala vizuri tangu aliposikia maji yale mara ya mwisho. Kwenye simu Stanislas aliona samaki wa Asia, warefu, wenye ndevu, ambao Wafaransa wanawaita loche. Walifugwa kwenye kioo chenye mkondo kama wa kijito. Akasema: huyu samaki kwetu tunaye, au ndugu yake. Na kweli tunaye, yule mdogo wa kwenye mawe, anayekwenda kwa tumbo na kubana jiwe kwa mdomo ili maji yasimchukue.

Alinunua kabati la kioo la muuza mikate aliyefunga duka, akaliziba. Chini alilaza mabomba mawili, akayafunika kwa kokoto. Pampu upande mmoja ilifyonza maji kutoka upande wa pili na kuyarusha mbele, basi maji yakawa yanazunguka na kupita, yanazunguka na kupita. Mawe aliyatoa mtoni mwenyewe, ya mviringo, yaliyokwisha kuoshwa na miaka. Akaacha maji yapite mwezi mzima bila samaki. Mimi nilimtania: "Papa Stanislas, weye unachunga maji?" Akajibu bila kucheka kwamba maji nayo yanahitaji kuzoea nyumba.

Kisha akaleta samaki sita. Nilikwenda kuwatazama. Walipanga mstari juu ya mawe, vichwa vyote vikielekea mkondo, wametulia kama waumini. Alphonsine aliketi kwenye kiti mbele yao, na baada ya muda akasema, kwa sauti iliyopata kutu: "Samaki beko nasali." Stanislas alitoka nje haraka. Nilimkuta nyuma ya nyumba akijifuta uso kwa shati.

Penye wengi pana mengi. Mama Mado wa nyumba ya tatu, mtu wa kanisa la maombi, alisema waziwazi kwamba fundi amefuga mamba muntu, yule nusu mwanamke nusu samaki ambaye baba zetu walikuwa wakitundika picha yake sebuleni. "Maji mu nyumba, Eugénie! Bantu ya akili banaweka maji mu ndoo." Nilimwambia akasali na aniache nishone. Lakini jioni nilihamisha kitanda changu kutoka ukutani.

Miezi mitano ilikuwa mizuri. Alphonsine alikuwa anaongea, kidogo, mara nyingi na samaki. Halafu ikafika siku ya kumbukumbu ya Hervé. Baada ya misa alivuta mfuko kutoka chini ya kitanda na kusema anataka mawe ya mtoto wake yawe ndani ya mto. "Juu ya nini akauke mu mufuko? Ile majiwe inakuwa muzuri mu maji. Hervé mwenyewe alijua."

Stanislas alilijua jiwe la mgodi, na linachofanya ndani ya maji. Alifanya kazi miaka thelathini na maji ya migodi. Lakini ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba mkewe kulitaja jina lile, na hakuwa na moyo wa kusema hapana. Akayapanga mwenyewe, moja moja. Yalipolowa, mto mzima uliwaka rangi. Niliyahesabu yakawa kumi. Nikadhani ni macho yangu yamenidanganya.

Siku ya tatu samaki waliacha mawe. Walikuja kwenye kioo cha mbele, wote sita, wakajibandika, matumbo meupe yakitutazama, wakifungua na kufunga midomo. Na walikuwa wameupa mkondo mgongo. Samaki wale, ambao kwa miezi mitano sikuwahi kumwona hata mmoja akigeuka! Ukisogea kushoto, ilionekana wanakufuata. Nilitaka kuondoka. Alphonsine alisogeza kiti karibu zaidi, akaweka kiganja chake kwenye kioo, juu ya midomo yao.

"Iko naniita," alisema. "Hervé iko nasema kitu, minye sisikii muzuri."

Nilimtazama Stanislas. Alikuwa ameinamisha kichwa, na nilimkasirikia, nasema kweli, kwa sababu niliona kwamba anajua na ananyamaza.

Kesho yake, saa nane mchana, umeme ulikatika mtaa mzima. Cherehani yangu ni ya mguu, nikaendelea kushona. Kisha mkono wangu ukasimama wenyewe. Nyuma ya ukuta maji yalikuwa yakipita.

Pampu haina umeme, na mto unapita. Maji yalimwagika, yakanyamaza, yakamwagika tena. Nilitaja majina ya watakatifu wote ninaowajua nikapita mlangoni kwao bila kubisha.

Alphonsine alikuwa amesinzia kitini. Samaki walikuwa wamekufa. Mfa maji haachi kutapatapa, wanasema, lakini wale hawakutapatapa. Walikufa wakiwa wamebandika midomo kwenye kioo, na bado walikuwa wameshika. Chini, sakafuni, Plamedi ameketi na beseni. Ametoa jiwe la manjano ndani ya mto. Alichota maji kwa kikombe, akalimwagia jiwe, akalilamba, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Angalia, tantine," aliniambia, maana huniita shangazi. "Minye niko nafanya sawa vile papa yangu."

Midomo yake ilikuwa na vumbi la manjano. Nilipiga ukelele. Stanislas aliingia akikimbia, akamwona mtoto, akawaona samaki, akapiga magoti palepale akimsugua mtoto ulimi kwa kona ya shati.

"Mama Hervé," alisema, "toka leo ile majiwe inatoka mu nyumba."

"Ni mutoto wangu iko mule!" Alphonsine alisimama mbele ya kioo, mikono wazi. "Unataka unizike mutoto wangu mara ya pili?"

"Hatukumuzika hata mara moja!" Sijawahi kumsikia Stanislas akipaza sauti. "Na ile yenye kuua samaki, inalala chini ya kitanda ya huyu mutoto tangu miaka mbili. Minye nilijua. Nilijua, nilinyamaza, juu nilikuogopa. Angalia midomo yake, Mama Hervé."

Alphonsine alitazama. Mikono yake ilishuka.

Hospitali walimpima mtoto damu, wakasema aletwe kila mwezi, basi. Mpaka leo tunampeleka.

Jumamosi tuliyazika mawe. Stanislas alitengeneza sanduku dogo la mbao na kuchimba shimo makaburini kupita kimo chake. Katekista alisoma sala za maiti, jina la Hervé likatajwa lote, na wanawake walilia kilio cha msiba, maana ulikuwa msiba. Sanduku lilipokuwa linataka kushushwa, Alphonsine alisema: "Mungoje."

Alifungua fundo la kitenge chake, chini ya titi, akatoa jiwe la kumi na moja, jeusi, lililong'aa kwa kushikwa. Miaka miwili lilikuwa pale, kwenye ngozi, mahali mjukuu wake alipoegemeza kichwa kila alipolala. Alilitia mdomoni? Hapana, ingawa mkono ulipanda mpaka nusu. Aliliweka sandukuni, akafunga kifuniko mwenyewe, akamchukua Plamedi na kumbeba mgongoni kama mtoto mchanga mpaka nyumbani.

Kabati la kioo lilisuguliwa mara saba. Kuna mawe ya mto tu sasa, na samaki wapya watatu, vichwa vikielekea mkondo. Mama Mado mwenyewe amekuja kuwaona. Sauti ile nimeizoea, na kitanda nimekirudisha ukutani.

Ila umeme ukikatika naacha kila kitu, naweka sikio kwenye plasta na kusubiri. Nikisikia kimya, namshukuru Mungu, kisha naendelea kushona.