Halbadiri Isiyosomwa

Asubuhi za nyumba yetu ya Mji wa Kale zilinuka mkate wa sinia na petroli. Mkate ulikuwa wa bibi. Petroli ilivuja kutoka gari kuukuu la Ami Athmani, ndugu yake baba, Pijo lililoegeshwa karibu na mlango hata baraza ikawa haikaliki. Ufunguo wa gari ulikuwa mmoja tu, na mahali pake palikuwa kidaka cha ukutani, hapo pa kuingilia. Hakuna aliyeruhusiwa kuugusa ila Ami. Kadzo, binti wa Kaloleni aliyemsaidia bibi kazi za nyumba na kutufundisha sisi watoto kusuka ukili, alikipangusa kidaka hicho kila siku. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa.

Ijumaa moja Ami aliegesha gari, akaenda Makadara kunywa kahawa. Kulipokucha, kidaka kilikuwa kitupu. Ami hakujiuliza alipita wapi. Aliuliza nani aliyepangusa. Kadzo alipokana, Ami akatangaza kwamba itasomwa halbadiri, kile kisomo cha kuwataja watu wa Badri ambacho pwani yetu huamini kuwa humpata mwizi popote alipo. Na asipokuwapo mwizi, humrudia aliyemzulia mwenziwe. Aghalabu tangazo peke yake hutosha: kilichoibwa huonekana kabla ya ubani kutiwa motoni.

Baada ya alasiri akaja maalim na chetezo chake cha ubani. Ami alitaraji machozi. Kadzo alikausha mikono kwa leso, akaketi mkekani uani mbele ya wote.

“Someni, Bwana. Nami nitaitikia amina.”

“Wewe mtu wa kanisani, halbadiri waijua wewe?” Ami akamwuliza.

“Siijui. Mkono wangu ndio niujuao. Someni.”

Maalim akamgeukia Ami. “Haya, Athmani, tia nia. Sema mbele ya Mungu kwamba ufunguo uliuweka kidakani.”

Ami akakohoa. Akakohoa tena. Kutoka dirisha la ghorofani, jirani yetu Bi Shirini, mke wa Mhindi muuza vitambaa wa Biashara Street, akapaza sauti: “Athmani bhai, soma basi! Ubani waungua bure!” Watu wakaangua kicheko. Ami akasema moshi unamuumiza kichwa, kisomo kiahirishwe.

Kila mtu mzima aliyekuwapo alielewa kwamba Ami hakuwa na yakini kama aliuweka kidakani. Mwenye nguvu mpishe, walinena wahenga, na nyumba yetu ikampisha. Siku ya pili Ami alimwambia Kadzo afunge virago, kwa kuwa amemvunjia heshima mbele ya watu. Bibi alimfungia mkate wa sinia katika leso, akamsindikiza hadi kizingitini, akarudi jikoni. Kwa mkate ule sijamsamehe bibi hadi leo. Kisha fundi wa Makadara akakichomoa kitasa cha mlango wa gari, akakipimia kipande cha shaba, akachonga ufunguo mpya kwa tupa. Gari likawaka kabla ya adhuhuri. Jambo zima lilikuwa kazi ya tupa na asubuhi moja, nasi tuliligharimia kwa jina la mtu.

Husemwa kwamba zama zile zilikuwa za ujinga na sasa tumeerevuka. Mitaa imepakwa rangi kwa ajili ya wageni wa Ngome ya Yesu, na wajukuu wa bibi tumesoma hadi ng’ambo. Mwezi uliopita nilikuwa mgeni katika nyumba ile ile, ambayo sasa ni ya binamu yangu. Yeye naye ana gari la kizamani, naye akapoteza ufunguo. Neno lake la kwanza lilikuwa, “Niitieni Riziki,” yaani msichana wao wa kazi. Nilimwambia mbele ya wanawe kwamba kabla ya kumwita Riziki atuambie yeye mwenyewe alipita wapi. Akanijibu kuwa elimu imenifanya nikose adabu nyumbani kwa watu. Riziki alifukuzwa siku hiyo hiyo, nami mlango ule sijaupita tena.