Jekundu Lililoombewa

Wenzangu wa Chapwa hapa mpakani, bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia sokoni. Mke wangu aliniruhusu ninunue gari la spoti, mradi watoto wetu watatu waenee nyuma. Dalali akanipigia simu: "Liko yadi, jekundu, halijafungwa. Lijaribuni, nakuja."

Kwa kujiamini nikaenda na familia nzima pamoja na mchungaji wetu, maana kwetu gari jipya haliendeshwi kabla ya kuombewa. Nikaliona palepale getini, jekundu, limechutama kama chura. Nikawasukuma watoto nyuma mmoja mmoja. Mkubwa magoti yalimfika kidevuni, mdogo akakaa upandeupande, lakini mlango ukafungika. Nikamtazama mke wangu kama mtu aliyeshinda kesi.

Mchungaji akaweka mkono kwenye boneti, akaomba kwa Kinamwanga na kwa Kiswahili, akakemea ajali zote za barabara ya Mbeya. Alipomaliza, mtu nyuma yetu akaitikia "Amina" kwa sauti kubwa kutushinda sote.

Nikageuka. Alikuwa mgeni wa Zambia, funguo mkononi.

"Natotela, baba mchungaji," akashukuru. "Leo ndiyo nalivusha mpaka, na sikuwa na wa kuniombea."

Dalali naye akawa anaingia, ananionyesha jekundu jingine, kule kwenye uzio. Nilitamani ardhi inimeze.

Yule mgeni akainama dirishani, akawatazama wanangu walivyobanana, akatabasamu.

"Mimi pia ninao watatu," akasema. "Nilikuwa na wasiwasi kama wataenea."