Meza ya Mvule Iliyopanda Feri Kwenda Changamwe

Meza moja ndiyo iliyonitoa Likoni. Vita vilikuwa vimekwisha, na huko Changamwe maghala yalikuwa yakijengwa kila upande. Kila ghala lilitaka afisi, na kila afisi ilikuwa na makarani wasio na pa kuandikia. Miaka yote ya vita meli hazikuleta samani, wakawa wanaandikia juu ya masanduku ya chai. Sasa kila bwana ataka meza, na kila mmoja ana haraka kuliko mwenzake.

Sisi tulikuwa mafundi wanne, watu wa milango na vitanda. Ghala moja likatuambia: leteni meza ya mfano, ikipendeza mtatengeneza ishirini. Isipopendeza, kazi ingekwenda kwenye karakana ya mashine kisiwani, nasi turudi kwenye vitanda vya kamba.

Asubuhi mapema tulifika kivukoni, mimi na shemeji yangu Athumani, meza juu ya mkokoteni. Uso wote wa meza nilikuwa nimeutia nakshi, maua na minyororo, kama mlango wa nyumba kubwa. Mimi sijisifu, lakini kwenye feri watu waliacha mazungumzo yao wakaitazama.

"Hii ya sultani gani?" mama mmoja akauliza.

"Ya karani," Athumani akamjibu. "Siku hizi ndio masultani."

Saa nne tulikuwa Makupa, tunasukuma, jasho latutoka chapachapa. Athumani alitaka kupumzika akalie meza. Nilimkatalia katakata.

Saa sita, Changamwe. Karani mkuu, Bwana Kazungu, mtu wa Rabai, alitoka mwenyewe kutupokea.

"Karibuni, mafundi. Poleni na jua."

Akaizunguka meza, akaipapasa, akasema, "Lo! Kazi hii!" Kifua kikanipanda. Kisha akaketi, akatandaza karatasi, akachovya kalamu. Neno la tatu, kalamu ikazama ndani ya ua. Karatasi ikapasuka, wino ukaruka.

"Fundi," akasema taratibu, "meza ni nzuri. Sasa mimi niandikie wapi?"

Wallahi, nilitamani ardhi inimeze. Meza ya kuandikia nimeichonga kama mlango!

"Nilitaka kukwambia," Athumani akanong'ona.

"Na mbona hukuniambia?"

Hapo nikamkumbuka marehemu baba. Kazi yoyote uliyompelekea, alianza kuipapasa kwa chini. Ikiwa chini hakujapigwa randa sawa na juu, alikurudisha. Mpaka leo karakana yetu hupiga randa juu na chini, na chini ya meza hii kulikuwa laini, bila ua hata moja. Basi nikaomba nyundo. Meza yetu haina msumari wa chuma. Ubao wa juu umeshikwa na vijiti vya mti. Nikaving'oa, nikaupindua ubao, nikavigonga tena. Matundu yalikuwa yamepimwa sawasawa, kila kijiti kikaingia.

Bwana Kazungu akaandika kutoka ukingo mpaka ukingo, wala kalamu haikukwama.

"Na yale maua?"

"Yako chini, bwana. Tia mkono."

Akatia mkono, akatabasamu. "Ishirini," akasema.

"Bila maua?"

"Nani kasema? Maua yawe chini."

Alasiri tulirudi na mkokoteni mtupu, Athumani akiimba njia nzima. Nilikuwa nimejifunza kwamba mtu wa afisi hununua kwanza mahali pa kalamu yake, urembo baadaye. Tangu siku hiyo afisi nyingine zimetuita, mpaka za Kisauni.

Nawe ukipita katika ghala lile ukaona makarani wanaandika kwa mkono mmoja, na wa pili uko chini ya meza, usiwadhanie vibaya. Wanapapasa kazi ya Likoni.